Simenti inayoganda ndani ya karai

Goma, juu ya mawe ya volkeno, kila mtu anajenga. Fundi akiona simenti inaganda ndani ya karai, anaongeza maji. Inalainika, mwenye nyumba anafurahi, na ukuta unapoteza nguvu. Kwa familia iliyohama vita na kuuza mbuzi ili inunue mifuko miwili, hiyo ni hasara kubwa.

Purdon, mwaka 1940, aliandika juu ya simenti ya masalio ya tanuru la chuma, yaliyosagwa na kuamshwa kwa soda kali. Ikiamshwa kwa silikati ya sodiamu, inatiririka kama uji, halafu inaweza kushika mapema mno. Watafiti wameona kwamba kuikoroga muda mrefu zaidi kunavunja ugumu wa mwanzo, nayo inachelewa kushika. (Masalio ya Lubumbashi ni ya shaba, si sawa na hayo.)

Hata simenti ya dukani ikikaza dakika chache tu baada ya kuchanganywa, ikorogwe tena kwanza, bila maji. Ikilainika, kazi iendelee. Iliyokaa masaa mengi, itupwe.