Mahali pa Hodhi

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Aghalabu, hata hivyo, binadamu hutaka maji yaifuate fahari yake. Ndivyo ilivyokaribia kutokea katika boma moja mjini Voi, pale wana wa mwalimu mmoja mstaafu walipoazimia kumjengea mama yao hodhi la kuogea maji moto.

Mama huyo alizaliwa Wundanyi, kwenye baridi na ukungu wa milima ya Taita. Kazi ya ualimu ilimteremsha hadi Voi, kwenye joto na vumbi jekundu. Uzee nao ukamletea maumivu ya magoti. Kuchutama kando ya karai kukawa mateso, hata ikafika siku ambapo hakuweza kuoga bila bintiye kumshika mkono. Hakulalamika, alianza tu kuoga mara chache. Mtu aliyewafunza usafi watoto wa vijiji vitatu hafanyi hivyo pasi na uchungu moyoni.

Kifunguamimba, afanyaye kazi Mombasa, alipendekeza hodhi lijengwe mbele ya nyumba, karibu na lango. "Wageni watajua kwamba mama ametunzwa," alisema. Mdogo wake alitaka lipandishwe juu ya dari la zege, ili mama aoge huku akiutazama mlima wa Sagalla ukibadilika rangi jioni. Mapendekezo yote mawili yalitoka katika mapenzi. Hakuna hata moja lililotoka katika magoti ya mama.

Fundi alileta hesabu. Hodhi la mita mbili kwa mbili, lenye kina cha sentimita 75, hubeba lita 3,000. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi hizo ni tani tatu, kabla ya kuhesabu saruji na waogaji. Dari lile lilijengwa kubeba kamba za nguo na watu wachache. Isitoshe, nani angempandisha mama ngazi?

Hesabu ya pili ilikuwa ya maji yenyewe. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, huyatoa maji katika chemchemi za Tsavo Magharibi na kuyapeleka Mombasa. Voi iko njiani, lakini mifereji ya mtaa ule hukauka siku nyingi. Lita 3,000 ni mitungi 150 ya lita 20. Je, jirani aliyepanga foleni na mtungi mmoja angelitazamaje hodhi lile langoni? Tena, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, ndovu huyafuata maji hadi majumbani wakati wa kiangazi, na kuvunja matangi. Maji yaliyo wazi huko si pambo, ni mwito.

Hapo ndipo mama aliponena. "Wanangu, mmeniuliza nataka hodhi la aina gani. Hamjaniuliza nitalifikiaje." Akashika mkongojo wake, akatoka kwa mlango wa chumba chake cha kulala kuelekea uani, akihesabu hatua. Ya saba akasimama. "Hapa."

Fundi akapachunguza. Ardhi ilikuwa ngumu, si kifusi, tena mbali na shimo la choo. Ukuta wa nyumba uliukinga upepo wa kusi usiyapoze maji. Paa lilikuwa na upande unaotazama kaskazini, unaofaa kwa mtambo wa kupasha maji kwa jua, kwa kuwa Voi iko kusini mwa ikweta. Uani pakateremka taratibu kuelekea kwenye migomba, hivyo maji yangejiondokea yenyewe na kufanya kazi mara ya pili. Hodhi likapunguzwa likawa la mtu mmoja: lita 400, yaani mitungi 20. Likawekewa kiti cha saruji, chuma cha kushikilia na kifuniko. Muuguzi naye akashauri mama apimwe shinikizo la damu kwanza, na maji yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi.

Hodhi hilo halionekani kutoka barabarani. Mama huliendea peke yake, akaufunga mlango wa ua. Bintiye husubiri sebuleni kama binti, si kama mkongojo. Naam, atafutaye mahali pa hodhi na aanze kwa kuzihesabu hatua za yule atakayeliogea.