Treni Iliyomfanya Mzee Aseme

Usinicheke ukisikia kwamba mtu mzima mwenzako amekesha sebuleni akihangaika na treni ya mtoto.

Niliinunua Gikomba: kichwa kimoja, mabehewa matatu na reli za kuzunguka meza. Kisanduku chake cha kuongeza na kupunguza umeme hakikuwapo. Kwa kuwa chini yake pameandikwa volti 12, nikaunganisha adapta ya volti 12 moja kwa moja kwenye reli. Lo! Ilichomoka kama swara, ikafika kwenye kona, ikaacha reli na kuanguka sakafuni. Kijana wangu akaangua kilio.

"Treni haing'oki hivyo," sauti ikasema.

Alikuwa baba yangu. Tangu mama atutoke na mzee ahamie kwangu, maneno yake kwa siku yalikuwa "asante" na "usiku mwema". Nilikuwa nimesahau kwamba aliendesha treni za mizigo kati ya Nairobi na Nakuru.

Kesho yake nikaongeza rezista ya kuzungusha. Vituko zaidi! Nazungusha, inagoma, nazungusha tena, inagoma, mara inaruka kama chura. Fundi wa redio wa mtaani ndiye aliyenifumbua macho. Mota iliyosimama hunywa umeme mwingi kuliko inayozunguka. Umeme huo ukipita kwenye rezista, volti nyingi hupotelea humo na mota hubaki na njaa. Ikianza kuzunguka, kiu yake hupungua, volti zinaipandia ghafla, nayo inaruka. Dawa yake ni transista. Swichi ndogo ya kuzungusha huipimia volti za kupitisha, nayo huzishikilia hapo hata mzigo ukibadilika. (Kuna vifaa vingine vinavyowasha na kuzima volti zote 12 mara nyingi kwa kila sekunde, hata treni ikatambaa kama kinyonga. Nitajaribu mwisho wa mwezi, mama watoto akiniruhusu.) Lakini tafadhali, usithubutu kuunganisha reli hizo na umeme wa ukutani wa volti 240. Huo unaua.

Fundi alipomaliza kuchomelea waya, mzee alisogeza kiti, akaishika swichi mwenyewe. Akaizungusha kidogo, akangoja. Akaongeza kidogo tena.

"Kwanza unaondoa ulegevu kwenye viungo, behewa moja baada ya jingine," alimwambia mjukuu wake. "Ukivuta kwa pupa kiungo kinakatika. Wewe unafika Nairobi, mzigo umebaki Naivasha."

Treni ikaanza kutambaa, taratibu kabisa, ikapita ile kona bila kutikisika.

"Babu, Naivasha uliwahi kuacha mzigo?"

Mzee akacheka. Akaizungusha swichi hadi treni ikasimama, akaanza kusimulia. Ugali ulipoa mezani, na hakuna aliyewaita.