Papa au Pango? Habari za Maji ya Yucatán

Kuna nchi moja ng'ambo ya bahari ambako mvua hunyesha kweli kweli, misitu imesitawi, watu hulima mahindi na maharagwe kama sisi, na hata hivyo waweza kutembea siku nzima usivuke mto wala kijito. Nchi hiyo ni rasi ya Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yaliyojaa matundu kama sifongo. Basi mvua ikinyesha, maji hayatiririki juu, bali huzama na kwenda zake baharini kwa njia za chini kwa chini. Mahali ambapo dari la pango limeporomoka hutokea shimo, na ndani yake mna maji maangavu kama kioo. Wamaya, wenyeji wa nchi ile, waliliita shimo la namna hiyo dzonot. Wahispania walipokuja wakalitamka kwa ulimi wao, likawa cenote. Sisi na tuseme senote.

Maisha ya watu wa huko yalifuata mashimo hayo, kama vijiji vyetu vinavyofuata visima. Mji wa kale wa Chichén Itzá una senote kubwa ambamo Wamaya walimtolea sadaka mungu wao wa mvua, vitu vya thamani na watu pia. Mifupa yao imeopolewa humo. Katika mji wa Valladolid, mapadre Wafransisko waliojenga monasteri ya San Bernardino katika miaka ya 1550 waliijenga juu ya senote, wakapata kuteka maji bila kutoka uani. Walikuwa watu wenye akili ya nyumba, hao.

Pengine mwauliza, habari za mbali hivi zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu kijana mmoja wa parokia yetu ni baharia katika meli ya watalii, na meli yao hutia nanga kisiwani Cozumel, ng'ambo kidogo tu ya pwani hiyo. Zamani alifanya kazi Unguja, akajifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, akapewa cheti cha kwanza. Mkataba wake ukimalizika mwezi wa Januari, atakuwa na siku nne za kupumzika kabla ya kupanda ndege. Rafiki zake wawili wanamvuta huku na huku. Mmoja ataka wateremke baharini kuwatazama papa, mwingine ataka waingie kwenye mapango ya maji. Fedha zinatosha safari moja tu. Kijana akamwandikia mama yake, na mama akaja nayo ofisini kwangu. Alikwisha kukata shauri. "Mwalimu," akaniambia, "mwandikie aende huko kwenye mashimo. Shimo halina meno."

Ni kweli, shimo halina meno. Lakini lina dari, na jambo hilo mama hakulifikiri. Nikamwomba siku tatu nisome kwanza, nami nawaletea niliyoyapata, maana vijana wetu wengi siku hizi hufanya kazi melini na katika hoteli za pwani, na kesho mzazi mwingine aweza kuulizwa swali hilo hilo.

Tuanze na papa. Usimwazie papa mkavu tunayemnunua gulioni tukamla na ugali. Papa wa Playa del Carmen ni mnene, kichwa butu, na aweza kufika urefu wa mita 3 na zaidi. Ni aina ile ile ambayo kusini mwa Afrika huitwa papa wa Zambezi, kwa kuwa huacha bahari na kupanda mto ule mbali sana. Hata katika Ziwa Nicaragua ameonekana. Wanaokuja pwani hiyo ya Meksiko tangu Novemba hadi karibu na Machi wengi ni majike wenye mimba. Papa huyu hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, baada ya kuchukua mimba karibu mwaka mzima. Wazamiaji huteremka kiasi cha mita 25 mpaka kwenye mchanga mweupe, wakapiga magoti pale chini, mikono wameikunja, na kukaa kimya. Papa huzunguka, hutazama, hupita.

Je, huuma? Aina hii ni mojawapo ya tatu zinazoshtakiwa zaidi kwa kudhuru watu, wala sitaki kuificha habari hiyo. Lakini watu wanaouawa na papa duniani kote, kwa wastani, hawafiki kumi kwa mwaka, na papa wanaouawa na watu ni makumi ya milioni. Hofu kubwa ya siku hizi ilienezwa na sinema ya mwaka 1975 iliyotokana na kitabu cha Peter Benchley, na mtu huyo mwenyewe baadaye alitumia miaka mingi kuwatetea papa. Linaloniudhi mimi ni kwamba baadhi ya wenye mashua huwapelekea papa vipande vya samaki ili wageni wafurahi. Anayefuga mbuzi anajua: fisi akizoea kutupiwa mifupa mlangoni, siku moja usipotupa ataingia ndani kuitafuta.

Sasa twende mapangoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa habari zake zimenivutia mno.

Karibu na mji wa Tulum kuna senote iitwayo Dos Ojos, maana yake Macho Mawili, kwa kuwa ni mashimo mawili yaliyo jirani kama macho usoni. Wageni wengi huogelea humo kwenye kina kisichozidi sana mita 10. Maji si baridi sana wala si ya moto, na jua likiingia tunduni miali yake huonekana ndani ya maji kama nguzo. Kutoka darini mawe yananing'inia kama mishumaa iliyoyeyuka. Mawe ya namna hiyo hayawezi kufanyika majini, hufanyika kwa matone hewani. Hii ndiyo dalili kwamba pango lile lilikuwa kavu zamani, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa barafu na bahari ilikuwa chini zaidi ya mita 100. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, mapango yakajaa. Mwaka 2007 wazamiaji walikuta katika shimo moja la chini, Hoyo Negro, mifupa ya msichana wa miaka 15 au 16 aliyeanguka humo yapata miaka 12,000 au zaidi iliyopita. Wakampa jina la Naia. Na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba njia za Dos Ojos zimekutwa zimeungana na pango la Sac Actun, na jumla ya njia zilizopimwa ikawa kilometa 347. Hebu piga hesabu: Dar es Salaam hadi Dodoma hukaribia kilometa 450.

Karibu na bahari kuna jambo jingine la ajabu. Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na pale yanapokutana macho huona ukungu, kama unatazama kupitia mafuta ya taa.

Lakini hatari iko wapi? Baharini mzamiaji akipatwa na shida, juu yake ni maji tu. Atapanda polepole mpaka hewani. Pangoni juu yake ni jiwe. Lazima arudi njia aliyoijia, na akipiga miguu ovyo tope laini huinuka, na nuru ya kurunzi haifiki hata mkononi. Mwalimu mmoja wa hesabu huko Marekani, Sheck Exley, alizichunguza ajali za mapangoni na mwaka 1979 akatoa kitabu juu yake. Aliona sababu zilezile zikirudi: watu hawakutandaza kamba kutoka mlangoni, hawakubakiza hewa ya kutosha kurudia, au walikwenda chini mno. Yeye mwenyewe, fundi kuliko mafundi, alikufa mwaka 1994 katika shimo la Zacatón, kaskazini mwa Meksiko, akitafuta kina cha zaidi ya mita 300.

Kwa hiyo sheria za mgeni ni kali. Asiache kuona nuru ya mchana. Asifike mbali zaidi ya mita 60 kutoka uso wa maji, ukijumlisha kwenda chini na kwenda ndani. Theluthi ya hewa ni ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi. Kiongozi awe na cheti cha mapango yenyewe, wala asichukue zaidi ya wageni wanne. Mahali nuru inapokwisha pamewekwa kibao chenye picha ya kifo, mifupa mitupu imevaa joho, kumwambia mtu arudi.

Hapo ndipo tulipokata shauri, na mimi, karani, nilianzia kwenye karatasi. Cheti cha kwanza alichopata kijana kinamruhusu kushuka mita 18. Papa wako mita 25. Basi papa si wake kwa sasa, hata kama rafiki na mwenye mashua watamwambia twende tu. Mapango ya nuru, pamoja na kiongozi, cheti hicho kinayaruhusu. Kwa hiyo mama alipata alilolitaka, ila kwa sababu nyingine, na nilimwandikia kijana kwamba akikuta kiongozi wake amefunga wageni saba nyuma yake, adai fedha zake arudi kitandani. Nikaongeza kwamba asizamie siku ya mwisho: baada ya mbizi kadhaa mwili huhitaji saa 18 na zaidi kabla ya kupanda ndege, la sivyo hewa iliyoingia katika damu huweza kumdhuru huko juu.

Na kama ni hamu ya papa tu, haimlazimu kukaa Meksiko. Tangu Oktoba hadi Februari hivi, karibu na Kilindoni kisiwani Mafia, huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni vijidudu vya majini na visamaki vidogo. Huyo huogelea juu juu, na wa kumtazama hahitaji mtungi wala cheti cha kuzamia, ila awe anajua kuogelea.