Sita au Tisa

Mwaka jana baba alifika kwenye mazishi ya rafiki yake akakuta watu wanakunja turubai. Redio ilikuwa imetangaza kwamba maziko ni saa sita mchana. Yeye alisikia saa tisa. Alisimama pale na kofia mkononi, akachukua udongo kidogo akauweka juu ya kaburi ambalo tayari lilikuwa na msalaba, kisha akarudi nyumbani kwa bodaboda. Hakumwambia mtu. Habari tuliipata kwa yule kijana wa bodaboda.

Ndiyo sababu nikaenda Kahama mjini kununua redio ya sebuleni.

Niseme ukweli: mimi mwenyewe ni mtu wa besi. Hela ya mpunga ilikuwa mfukoni, na moyoni nilishachagua lile sabufa refu lenye taa zinazobadilika rangi. Kwetu huku, kwenye ukanda wa dhahabu, sabufa si chombo cha muziki tu. Mtu akipata, iwe ni shimoni, dukani au shambani, majirani huanza kujua kwa masikio kabla hawajaona bati jipya. Sebule bila sabufa ni kama bado hujahamia.

Maduka ya redio mjini hayakuhitaji kuulizwa njia. Kila duka limetoa spika zake barazani, kila moja na wimbo wake, na wapita njia wanasimama pale panapowagusa. Nilikumbuka Bagalu na Bagika, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Baada ya mavuno hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Tofauti ni kwamba kule uwanjani manju lazima awe na maneno. Ngoma ikiwa kubwa na wimbo ukiwa mtupu, watu wanahama. Pale barazani hakuna aliyekuwa anajali maneno.

"Braza, hii ni mnyama," muuzaji akaniambia akipigapiga lile sabufa la taa. "Wati elfu kumi. Ukiifungulia, mabati yanacheza."

Nililigeuza nyuma. Karibu na waya wa umeme pana kibandiko kidogo ambacho watu wengi hawakisomi. Kilisema linatumia wati 60. Sasa chombo kinachokula wati 60 ukutani kitatoa wapi elfu kumi za kuimba? Zile namba kubwa za kwenye boksi, zinazoandikwa PMPO, ni hesabu ya mlipuko wa kufumba na kufumbua, tena ya kukadiria. Ya kuangalia ni ile iitwayo RMS, nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Muuzaji akacheka, "Kumbe wewe fundi." Mimi si fundi. Nilishawahi kulipia elfu kumi hewa.

Nikamwambia, "Hebu zima huo muziki, niwekee taarifa ya habari."

Vijana waliokuwa wamesimama barazani wakanitazama kama mtu aliyeingia baa akaagiza uji. Lakini akaweka. Na pale ndipo mapenzi yangu na lile sabufa yalipokufa. Mtangazaji alikuwa anaongea kama yuko ndani ya pipa. Unasikia kifua chake, husikii ulimi wake.

Hivyo ndivyo baba anavyoisikia dunia nzima.

Alifanya kazi miaka mingi kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, chuma juu ya chuma kuanzia asubuhi hadi jioni, na masikioni hakuwa na kitu. Daktari alitueleza kwamba kelele za namna hiyo huanza kuua usikivu wa sauti nyembamba. Sauti nene zinabaki. Kwa hiyo baba anasikia lori likipita, anasikia ngoma, anasikia irabu zetu zote. Zinazompotea ni s, f, sh, t, k, konsonanti hafifu zinazobeba maana. Chukua "sita" na "tisa": irabu ni zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Kinachoyatenganisha ni s na t kubadilishana nafasi, na hizo ndizo karasha iliondoka nazo. Ukimwongezea sauti, unamwongezea irabu. Ukimwongezea besi, unafukia hata kile kidogo kilichobaki.

Na huyu ni mtu aliyetulea kwa maneno. Utotoni tulikuwa na redio moja ya betri, na Mama na Mwana ya Radio Tanzania ikiisha, baba aliirudia hadithi ile usiku, akiongeza fisi pale ambapo hapakuwa na fisi. Kabla sijakutana na kitabu chochote cha hadithi, nilikutana na baba akimwiga mtangazaji. Siku hizi anakaa sebuleni anatabasamu sisi tukicheka, sekunde moja baada yetu.

Niliondoka na redio ambayo hakuna aliyeigeuzia shingo: spika mbili za kawaida, besi ndogo, na vitufe viwili tofauti, kimoja cha sauti nene na kimoja cha sauti nyembamba. Vijana wa barazani walinisikitikia.

Nyumbani, siku ya kwanza, ilikuwa aibu. Kuta za saruji, vigae chini, hakuna dari. Kila neno lilikuwa linagonga na kurudi kukanyaga neno linalofuata. Na besi niliiweka kwenye kona, mahali ambapo watu wote huiweka, kumbe kona huivimbisha. Nikaitoa. Spika nikazipandisha juu ya vigoda hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, nikazielekeza kwenye kiti cha baba, nikakisogeza kiti karibu. Nikatandika zulia, nikatundika mapazia mazito. Besi nikaishusha hadi karibu na mwisho. Mama alisema sebule yake imegeuzwa stoo.

Redio haikumponya baba. Kifaa cha kuvaa sikioni bado tunakichangia ndugu wote. Na jirani mmoja aliyekuja kuiona aliuliza, kwa heshima, kama ile nyingine kubwa bado iko njiani.

Lakini wiki iliyopita, wakati wa matangazo ya vifo, baba aliinua mkono tunyamaze. Marehemu alikuwa mtu wa Kakola, aliwahi kufanya naye kazi. Tangazo lilipoisha akanigeukia.

"Wamesema tisa?"

"Tisa, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyepata jibu lakini hataki wenzake wajue alikuwa na wasiwasi. Kisha akauliza tena, kwa hakika tu, "Tisa, siyo sita?"

"Tisa."

Saa sita na nusu alikuwa ameshavaa kofia.