Bega la binti yetu na sindano tulizolipa sisi



Juma hili tunataka kuwasimulia jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea. Tuliinua mikono, tukakubali, na pesa zikatoka kwenye kasha letu. Kwa hiyo hatuandiki ili kumhukumu mtu. Tunaandika ili kikundi kingine kisipite njia ileile.

Sisi ni wamama wa AVEC moja hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Tunakutana kila siku ya posho mchana. Kasha letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Pembeni ya pesa za akiba tuna mfuko mdogo wa msaada. Kila mmoja anatia franka kidogo kila juma, kwa ajili ya ugonjwa, kilio na uzazi.

Mmoja wetu ana binti wa miaka 19 anayenyanyua vyuma. Hana sale kubwa yenye vioo. Anafanya mazoezi na vijana wenzake kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba, na haltere yao ni bomba la chuma lenye kopo la rangi lililojazwa simenti kila upande. Mwanzoni tulimcheka. Tulisema mtoto mwanamke atapata mabega ya mwanaume, na bwana atatoka wapi? Akatujibu kwa heshima: "Mama zangu, ninyi mnabeba gunia la makala kutoka ziwani mpaka juu Kadutu, kamba kwenye paji la uso. Hakuna hata mtu mmoja anayeuliza habari za mabega yenu." Tukanyamaza. Siku nyingine akatueleza kwamba wanaume walinyanyua vyuma katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896, lakini wanawake waliruhusiwa mwaka 2000 tu, kule Sydney. Tangu siku ile tukaanza kumwita binti yetu wote.

Halafu bega la kuume likaanza kumsumbua. Lilimuuma kwa upande, hasa mkono ulipopita usawa wa kichwa. Usiku hakuweza kulilalia. Kusuka nywele kukamshinda. Mama yake akaja siku ya posho, akasema kuna farmasi ya mtaani ambako wanachoma sindano ya kortizoni ndani ya bega, na maumivu yanakwisha. Bei ilikuwa dola 10. Hatukuuliza neno. Nani angemnyima mtoto dawa?

Baada ya siku tatu binti alikuwa anacheka. Alikuja mkutanoni akainua mkono wote juu, nasi tukampigia makofi. Kesho yake akarudi kwenye vyuma, na kwa sababu hakusikia maumivu, akaongeza uzito.

Wiki sita zikapita, bega likarudi kuuma. Tukalipa sindano ya pili. Safari hii mjadala haukufika hata dakika mbili. Alirudi kwenye vyuma mara moja, maana mashindano ya mtaa yalikuwa karibu. Siku moja, alipokuwa anasukuma haltere juu ya kichwa, akasikia kitu kimelia ndani ya bega, kama kamba inayokatika. Haltere ikaanguka nyuma yake, tunamshukuru Mungu haikumwangukia. Tangu saa ile mkono haukupanda tena peke yake. Ilimbidi auinue kwa mkono wa kushoto.

Mama yake akaja kuomba sindano ya tatu. Mwandishi wetu alikuwa amekwisha kufungua daftari. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida haongei mkutanoni, akauliza: "Kama dawa inaponyesha, kwa nini tunailipa mara ya tatu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Siku ile pesa za sindano tuliziongeza zikawa pesa za njia, za fishi na za ekografia, tukampeleka binti kwa daktari wa mifupa na viungo. Picha ilionyesha kwamba kano moja ya bega imechanika sehemu, si yote. Daktari akasema haihitaji kupasuliwa kwa sasa, akamtuma kwa kine. Mwenye kazi hiyo ni mama kama sisi, tukamwomba aje kutufundisha siku ya posho. Akakubali. Haya ndiyo aliyotueleza.

Bega, alisema, limezungushiwa misuli minne midogo inayoshika kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake. Kila msuli unaishia kwenye kano. Mama mpishi anaijua kano: ni ile kamba nyeupe ngumu unayoikuta kwenye mguu wa ng'ombe, inayofunga nyama kwenye mfupa. Kano moja kati ya hizo inapita chini ya kipaa cha mfupa, na katikati kuna kifuko kidogo laini kinachozuia kusuguana. Mtu anayeinua kitu kizito juu ya kichwa mara nyingi bila kupumzika anachosha kano ile, na kifuko kinaweza kuvimba. Ndiyo maumivu ya usiku.

Kortizoni inatuliza uvimbe. Ikichomwa mahali panapofaa, nafuu huja baada ya siku chache, na inaweza kudumu wiki kadhaa. Lakini haishoni kano iliyochoka. Tena dawa hiyohiyo inapunguza mwendo wa mwili katika kutengeneza kano, na sindano zikirudiwa zinaweza kuidhoofisha. Kwa hiyo mtu anayechomwa leo na kunyanyua vizito kesho anabeba mzigo uleule kwa kano dhaifu zaidi, na maumivu yaliyokuwa yanamwonya hayapo tena.

Mama mmoja akauliza: "Basi sindano hii ni mbaya?" Kine akakataa. Alisema ni dawa nzuri ikitumiwa vizuri. Mtu asiyelala usiku kwa maumivu hawezi kufanya mazoezi, na sindano moja inaweza kumfungulia mlango wa kuyaanza. Akatuambia habari za utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2021. Walifuata watu 708 wenye maumivu ya kano za bega, watu wa kawaida, si wanyanyua vyuma. Waliochomwa sindano walikuwa na nafuu kidogo zaidi kwenye wiki ya 8, lakini kwa hesabu ya miezi 12 hawakuwapita wale ambao hawakuchomwa. "Mmesikia?" akasema. "Sindano inawapa wiki. Miezi mnajitafutia wenyewe kwa mazoezi na kupunguza mzigo."

Halafu akatuuliza swali lililotufanya tuangalie chini: ni nani kati yetu anayejua vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni, na mafuta ya kung'arisha ngozi? Tulivijua sote. Akasema vidonge vile mara nyingi vina deksametazoni, na mengi ya mafuta yale yana klobetazoli. Hizo ni ndugu za kortizoni, jamaa moja ya dawa. Ndiyo sababu mtu anavimba mashavu, ngozi inakuwa nyembamba, sukari na tansio vinapanda. Mwenye kutumia vitu hivyo kwa siri, halafu akachomwa sindano ya bega, anaongeza dawa juu ya dawa. Amwambie daktari ukweli, asione haya. Na aliyemeza vidonge vile muda mrefu asiviache ghafula bila kumwona daktari, kwa sababu mwili umekwisha kusahau kujitengenezea kortizoni yake, na kuacha mara moja kunaweza kumwangusha.

Tuliandika kwenye daftari maswali ya kuuliza kabla ya mtu yeyote wa nyumba zetu kuchomwa sindano ya namna hii. Tunawapa nanyi.

La kwanza: nani amepima bega, na ameona nini? Maumivu ya bega yana sababu nyingi. Kama mkono umeshindwa kupanda baada ya kitu kulia ndani, usitafute sindano, tafuta ekografia.

La pili: dawa ndani ya chupa inaitwa nani, na ni kiasi gani? Jina liandikwe kwenye karatasi, pamoja na tarehe. Sisi hatukuwa na karatasi hata moja. Daktari alipouliza binti yetu alichomwa nini, tulibaki tunaangaliana.

La tatu: ni sindano ya ngapi kwenye bega hili? Madaktari wengi hawapendi kupita tatu au nne kwa mwaka mahali pamoja, na kwa kijana mwenye kunyanyua vizito wanataka ziwe chache zaidi.

La nne: mgonjwa ana kisukari, ana homa au kidonda chenye usaha, ana mimba? Kortizoni inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, na haichomwi kwenye kiungo chenye maambukizo.

La tano: mahali ni safi? Sindano inaingia ndani ya bega, si kwenye nyama ya tako. Vijidudu vikiingia humo ni hatari kubwa. Maumivu kuongezeka siku moja au mbili baada ya sindano ni jambo la kawaida. Lakini bega likivimba, likawa jekundu na moto, na homa ikaja, msingoje asubuhi.

Kine akaongeza mambo mawili ambayo wasichana huwa wanaogopa kuyauliza. Ngozi mahali pa sindano inaweza kupauka kwa miezi. Na hedhi inaweza kubadilika kidogo mwezi ule. Ni vizuri binti ajue mbele, asidhani amelogwa.

Kwa wenye watoto wanaoshindana kuna neno lingine. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria za dunia za kupinga dawa zilizokatazwa michezoni zinakataza sindano zote za kortizoni wakati wa mashindano, hata ile ya ndani ya bega. Mchezaji anayeihitaji kwa ugonjwa lazima afuate utaratibu wa kuomba ruhusa, tena na karatasi za daktari. Binti yetu hakujua. Waliomchoma hawakumwambia, nasi tuliolipa hatukujua hata kuuliza.

Binti alianza mazoezi kwa kitu kidogo hata tukamwonea huruma: chupa ya maji ya nusu lita. Kine alikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akafunga upande mmoja kwenye komeo la mlango, akamfundisha kuuvuta polepole, kiwiko kikiwa kimeshikana na ubavu. Kila siku, asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza alilia, si kwa maumivu, bali kwa hasira. Mashindano yalipita bila yeye. Mama yake alimkuta siku moja ameketi kwenye giza, akasema: "Mama, kama mngeninyima pesa ile ya pili."

Mama yake alituletea neno hilo mkutanoni, akalia mbele yetu. Hatukujitetea. Tulibadilisha sheria ya mfuko wetu. Sasa anayeomba pesa za sindano ya kiungo analeta karatasi ya daktari, nasi tunalipa matibabu kwa jumla: kupimwa, dawa, na kine. Na kama mgonjwa ni mama mbeba mizigo, tunampa pia msaada wa chakula kwa wiki mbili, ili asirudi kwenye gunia kesho yake. Tulielewa kwamba kumwambia mama apumzike bila kumpa unga ni maneno matupu.

Wa kwanza kutumia sheria hii mpya alikuwa mama yake binti. Kumbe naye alikuwa na bega linalomuuma mwaka mzima, akilificha, kwa sababu alifikiri pesa za nyumba zinatosha bega moja tu. Sasa jioni wanavuta mpira pamoja, mama upande mmoja wa mlango, binti upande mwingine.

Miezi minne imepita. Siku ya posho iliyopita, baada ya kufunga kasha, binti alituita uwanjani. Alishika bomba tupu, bila simenti, akaliinua polepole mpaka juu ya kichwa, akalishikilia hapo, akahesabu mpaka kumi. Hakuongeza kitu. Akaliweka chini, akasema kine amemruhusu hapo tu kwa sasa.

Tulipiga makofi tena. Mama mzee yule akamuuliza: "Na juma lijalo?" Akajibu: "Bomba lilelile, Mama."