Mshika Mbili

Sisi walimu tunayo methali tuipendayo kupita nyingine: Mshika mbili moja humponyoka. Tumeitumia miaka mingi kuwaonya watoto wapendao mpira. Zamani tulikuwa na kijana mmoja wa darasa la saba, mwepesi wa miguu kama swala, na hesabu zake zilikuwa safi. Tulipomwona kila jioni akitoka uwanjani ametapakaa vumbi, tulimwita tukamwambia achague: kitabu au mpira. Akainama, asijibu neno. Mpira akauacha, kama tulivyotaka. Na kabla mwaka haujaisha akaiacha na shule. Hatukujua kwamba viwili vile vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja.

Jambo hilo lilituchoma moyo tena tuliposoma habari za maisha ya Paul Robeson, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa Princeton katika jimbo la New Jersey mwaka 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alikufa kwa ajali ya moto, mtoto akiwa na miaka mitano tu.

Mwaka 1915 Robeson alishinda mtihani, akapata msaada wa ada, akaingia chuo cha Rutgers, naye wakati huo alikuwa mwanafunzi mweusi peke yake. Alipokwenda kujaribiwa katika mpira wa Kimarekani, ule uchezwao kwa mikono na kwa kuangushana, wenziwe hawakumtaka. Kwa masimulizi yake mwenyewe, walimvunja pua, wakamtegua bega. Akalala kitandani siku kadhaa. Ndipo alipokumbuka mafunzo ya baba yake, ya kwamba uwanjani hasimami kwa ajili ya nafsi yake tu, bali kwa ajili ya vijana wengi weusi watamanio kusoma na kucheza. Akarudi, na mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu cha mchezo hata kucha zikang'oka.

Alicheza michezo minne: mpira huo, mpira wa kikapu, besiboli na riadha. Mwaka 1917 na tena 1918 alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Je, kitabu kilimponyoka? Hasha! Mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya kuagana na chuo kwa niaba ya wenziwe. Kisha akasoma sheria, huku akicheza mpira kwa malipo ili ajilipie masomo.

Katika ofisi ya sheria karani alikataa kuandika maneno yake kwa sababu ya rangi yake. Akaiacha kazi hiyo, akawa mwimbaji na mwigizaji, na sauti yake nzito ikasikika duniani kote. Nasi tulifurahi kusoma kwamba katika miaka ya 1930, huko London, alijifunza lugha za Kiafrika, na Kiswahili chetu kikiwamo.

Mwaka 1950 serikali yake ilimnyang'anya pasi ya kusafiria, kwa kuwa alisema waziwazi juu ya haki za watu weusi, tena aliisifu Urusi. Katika kumsifu Stalin sisi hatumfuati. Lakini hakukubali kununua pasi kwa kunyamaza. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba makaa wa Wales kwa njia ya simu iliyopita chini ya bahari. Pasi akarudishiwa mwaka 1958. Akafariki mwaka 1976.

Ndugu wasomaji, tunadhani ushupavu ule wa 1950 alianza kujifunza pale kitandani, bega lake likiuma. Hakuna ubao wetu ungaliweza kumfundisha somo hilo.

Mwezi uliopita tulikutana sokoni na yule kijana wetu. Sasa ni mtu mzima, mwenye mtoto aanzaye darasa la kwanza.

"Shikamoo, mwalimu," alituamkia.

"Marahaba," tukaitika kwa haya, tukamwomba radhi kwa neno lile la zamani. Akatazama chini kama siku ile, kisha akasema kwamba mtoto wake naye hatulii, mchana kutwa ni mpira.

Tukamwambia, "Mlete shuleni, aje na mpira wake."