Nebraska wanapima, Bunia wanalinda: elimu ya maji ya ardhini

Mkongomani anayehamia Nebraska, Marekani, hushangaa kukuta familia za mashambani zikinywa maji ya visima vyao wenyewe. Sheria ya taifa ya maji ya kunywa haivigusi visima hivyo vya binafsi. Mwenye kisima ndiye anayepaswa kujua kama maji yake ni salama. Adui mkubwa huko ni naitreti, inayozama ardhini kutoka kwenye mbolea ya mashamba ya mahindi.

Kwa hiyo elimu huanza utotoni. Groundwater Foundation ilianzishwa Nebraska mwaka 1985, na mwaka 1989 tamasha la watoto kuhusu maji ya ardhini likaanza katika mji wa Grand Island. Kifaa maarufu cha somo hili ni sanduku la plastiki angavu lenye tabaka za mchanga na kokoto. Mwalimu hutia rangi mahali panapowakilisha choo, huvuta maji kwenye kisima kidogo kilicho kando, na watoto huiona rangi ikisogea hadi kisimani. Katika mradi wa Know Your Well wa Chuo Kikuu cha Nebraska, wanafunzi wa sekondari hupima maji ya visima vya eneo lao, na wenye visima hupata majibu.

Huko Congo, mji wa Bunia uko kwenye nyanda za juu, magharibi ya Ziwa Albert. Chini yake kuna miamba migumu ya kale, na maji mengi ya visima vifupi na chemchemi hukaa katika udongo na mwamba uliolainika juu yake. Mvua ikinyesha, uchafu haukawii kufika. Mji huo umepokea watu wengi waliokimbia vita, kama wale wa kambi ya Kigonze, na kila kambi huhitaji vyoo. Kanuni ya kimataifa inataka choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na shimo liishie angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.

Kwa upande wa ushirika wa jamii, Congo ina msingi imara. Mpango wa Vijiji na Shule Safi, unaoendeshwa na serikali pamoja na UNICEF, huanzia kwenye kamati iliyochaguliwa na wakazi, huku RECO, yaani wahudumu wa afya wa jamii wanaojitolea, wakipita nyumba kwa nyumba.

Lakini mita 30 bila maelezo ni amri tu. Mwenye kiwanja chembamba ataitii akiona kwa macho yake jinsi uchafu unavyosafiri. ISP Bunia, chuo kinachoandaa walimu, kingefaa kuongoza: sanduku la mchanga hutengenezwa kwa vitu vya sokoni, na kuna chupa rahisi za kupimia ambazo maji yake hugeuka meusi yakiwa na bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi. Wanafunzi wapime, kamati isome majibu mbele ya wachotaji, na nakala ipelekwe zoni ya afya.

Ndugu mlioko ughaibuni, mnapochangia saruji ya chemchemi ya nyumbani, tengeni pia fungu la vipimo na la kumfundisha mwalimu.